Namna ya kulinganisha miji ya kale iliyozungushiwa ukuta

Mwonyeshe mtu picha ya ukuta wa Xi'an kule China, kisha mwonyeshe ukuta wa Gede, magofu ya mji wa kale hapa kwetu Pwani ya Kenya, na neno lake la kwanza litakuwa kwamba wa China ni mkubwa. Ni kweli. Ule una kimo cha mita 12, na juu yake una upana wa mita 12 hadi 14, magari mawili yanapishana bila kugusana. Wa Gede haufiki mita tatu. Kijana akipanda mabegani mwa mwenzake anaona ng'ambo. Lakini ukiishia hapo umelinganisha ng'ombe kwa pembe. Hujasema lolote kuhusu mji.

Kazi yangu ilikuwa upimaji ardhi, Kilifi na Malindi, na tangu nistaafu starehe yangu ni hii: kuchora miji ya kale yenye kuta, kuiweka kando kwa kando, na kuiuliza maswali yale yale. Wanafunzi hunijia kutafuta "mfanano na tofauti" za kujaza kwenye insha, na walimu wao pia, ingawa wao huja wakati watoto hawapo. Naeleza hapa ninavyofanya. Tiketi ya ndege haihitajiki. Tafuta karatasi, rula, kikokotoo, simu yenye picha za setilaiti, na ikiwa unaishi karibu na magofu yoyote, viatu vya kufunga.

Chagua michache, na mmoja usio na ukuta

Usichukue miji kumi. Mitatu inatosha: mmoja unaoweza kuufikia kwa miguu, mmoja wa mbali kabisa, na wa tatu ambao ungeweza kuzungushiwa ukuta ila haukuzungushiwa. Huu wa tatu ndio watu huusahau, na kwangu mimi ndio wenye mafunzo kuliko yote.

Mimi hutumia Gede, Xi'an na Kyoto. Mwaka 794 Wajapani walipoanzisha Heian-kyo, mji ambao leo ni Kyoto, waliiga mpango wa Chang'an, mji mkuu wa China enzi za ukoo wa kifalme wa Tang, ambao leo ndio Xi'an. Waliiga barabara zilizonyooka kama uzi, kasri upande wa kaskazini, na njia kuu ya katikati inayoshuka kusini. Waliiga karibu kila kitu ila ukuta wa kuzunguka mji. Kusini waliweka lango kubwa, Rajomon, na kipande cha ukuta huku na huku, basi. Boma la udongo la kuuzunguka mji, linaloitwa Odoi, lilijengwa 1591 kwa amri ya mbabe wa vita Toyotomi Hideyoshi, karibu miaka 800 baadaye, lenye urefu wa kilomita 22 na zaidi.

Kaa na jambo hilo kidogo. Mtu anayenakili mchoro wa jirani halafu anaacha sehemu iliyo ghali kuliko zote ana sababu. Japani ni visiwa. Wapanda farasi wa nyikani waliowahangaisha Wachina hawakuwa na njia ya kufika. Ukishaona hivyo, hutarudia tena kauli ile ya vitabuni kwamba ukuta ni dalili ya "maendeleo". Ukuta unaonyesha mji una majirani wa namna gani.

Ukipenda mfano wa karibu usio na ukuta wa kuzunguka, chukua Mji Mkongwe wa Unguja. Una Ngome Kongwe, lakini kilichoutenga mji na Ng'ambo kilikuwa hori la maji ya bahari, ambalo baadaye lilifukiwa.

Mwenye muda aongeze Harar ya Ethiopia. Ni mji wa Kiislamu uliozungushiwa ukuta, na tofauti na Gede, bado umejaa watu. Mimi siwezi kufanya kazi hii bila Harar, utaona kwa nini.

Ichore yote kwa skeli moja

Hapa ndipo kazi ya mikono inaanza, na naomba usiiruke. Picha za vitabuni hudanganya kwa sababu kila mji hupewa ukurasa mmoja, mkubwa kwa mdogo.

Tumia skeli ya 1:20,000. Sentimita moja ni mita 200. Gede ina kama hekta 18, kwa hiyo ukiifanya mraba ni sentimita mbili na nukta, kidogo kuliko stempu nyingi. Harar ndani ya ukuta ni hekta 48, chini kidogo ya sentimita tatu na nusu kila upande. Xi'an ya leo, ile yenye ukuta wa enzi za Ming, inachukua sehemu kubwa ya karatasi ya A4. Halafu jaribu Chang'an ya Tang: mita 9,721 mashariki kwenda magharibi, mita 8,651 kaskazini kwenda kusini. Unganisha karatasi nne za A4 kwa gundi, na bado upande mmoja utapungukiwa na sentimita moja na ushee.

Wanafunzi wakifika hapo hunyamaza. Kisha mmoja huuliza mbona ukuta wa Ming ni mdogo hivyo kuliko wa Tang, wakati Ming walikuja baadaye. Jibu liko mbele.

Kupima mzingo kwa simu ni rahisi: fungua picha ya setilaiti, chagua kipimio cha umbali, gusa kona baada ya kona ukifuata ukuta. Kwa mguu kuna utaratibu. Tandaza tepu mita 100 mahali tambarare, tembea mwendo wako wa kawaida, hesabu hatua. Rudia mara tatu, chukua wastani. Ukipata hatua 140, basi hatua yako ni sentimita 71. Sasa fuata ukuta ukihesabu. Ndani ya msitu wa Gede mizizi itakuvunjia mwendo na kima watakuchekea, kwa hiyo kila penye kizuizi simama, pima kipande hicho kwa tepu, andika, endelea. Ukiwa wawili, mmoja ahesabu na mwingine aandike. Anayehesabu asizungumzishwe.

Kuna mtego mmoja. Mzingo mrefu hauna maana ya mji mkubwa. Bahla kule Oman, mji wa matofali ya udongo ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987, una ukuta wa karibu kilomita 12. Xi'an ni kilomita 13.7. Ukisoma namba hizo mbili bila ramani utadhani ni mapacha. Ndani ya ukuta wa Bahla kuna mashamba ya mitende na mifereji ya falaji. Ukuta umezunguka chakula na maji pamoja na watu. Kano ya Wahausa, kaskazini mwa Nigeria, ilikuwa vivyo hivyo. Msafiri Heinrich Barth alipofika mwaka 1851 alikadiria wakazi 30,000, na aliona sehemu kubwa ndani ya ukuta ikilimwa. Mashimo yaliyochimbwa udongo wa kujengea yaligeuka mabwawa. Mji wa namna hiyo ukizingirwa haufi njaa upesi. Kwa hiyo kando ya kila mzingo andika: nyumba zilichukua sehemu gani, na zilizobaki zilikuwa za nini.

Nani alitangulia, watu au ukuta?

Chini ya kila ramani piga mstari wa miaka. Weka alama mbili: watu walipoanza kuishi, na ukuta uliposimama. Kisha tazama pengo. Kwangu mimi swali hili lina uzito kuliko mengine yote, na kama una jioni moja tu, lifanye hili na uache yanayofuata.

Gede ilikuwa na watu kwa karne kadhaa kabla ya ukuta. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ukuta wa nje ni wa karne ya 15, na wa ndani ni wa karne ya 16. Harar nayo ina misikiti inayohesabiwa kuwa ya karne ya 10, lakini ukuta wake, wenyewe wanauita Jugol, uliinuliwa katikati ya karne ya 16 na Amiri Nur ibn Mujahid. Ukisoma tarehe peke yake utaona ni sadfa tu. Ukisoma kilichotokea, Imamu Ahmad ibn Ibrahim, kiongozi wa majeshi ya Harar, alikufa vitani mwaka 1543, nguvu ya majeshi yake ikavunjika, na Waoromo wakawa wanasambaa kuelekea nyanda hizo. Mji uliokuwa ukituma majeshi nje ukawa mji wa kujifungia. Ukuta wa Harar ulijengwa mji ulipoanza kudhoofika.

Kinyume chake ni Palmanova, kaskazini mashariki mwa Italia. Jamhuri ya Venice iliuanzisha mwaka 1593, nyota yenye ncha tisa, uwanja wa pembe sita katikati, malango matatu. Ukuta ulikuwepo, barabara zilikuwepo, watu ndio hawakuja. Mwaka 1622 Venice ikalazimika kusamehe wafungwa na kuwapa viwanja ili mji upate wakazi. Nimepima mitaa ya viwanja hapa Pwani ambayo ina bikoni kila kona na haina hata nyumba moja, kwa hiyo Wavenice nawahurumia.

Hatua ya pili kwenye mstari huo huo wa miaka: ikiwa mji una kuta zaidi ya moja, je, uliofuata ulikwenda nje au ndani?

Konstantinopoli, ambayo leo ni Istanbul, ilikwenda nje. Konstantino alijenga wake karne ya nne. Mwaka 413, chini ya Theodosius wa Pili, ukasimama mwingine zaidi ya kilomita moja upande wa magharibi, kwa sababu mji ulikuwa umejaa. Fez ya Moroko ni kisa kingine: miji miwili ilitazamana kwenye kingo za mto, kila mmoja na ukuta wake na wivu wake, mpaka watawala wa ukoo wa Almoravidi walipoiunganisha karne ya 11. Kisha mwaka 1276 watawala wengine, Wamarini, wakajenga mji wao wa kiserikali pembeni, Fez mpya, wenye kuta zake. Ukitazama ramani ya Fez unaona utawala ukijitenga na raia.

Gede ilikwenda ndani. Ukuta wa nje ndio wa zamani. Wa baadaye unazunguka kiini tu, palipo na kasri, msikiti mkuu na nyumba za mawe. Unaweza kusema mji ulipungua, unaweza kusema wenye mali walijitenga. Mimi naona mambo hayo mawili huenda pamoja, maana mji ukipungua wa kwanza kujifungia ni mwenye cha kupoteza.

Na sasa lile swali la mwanafunzi. Chang'an ya Tang ilibomolewa mwaka 904, mbabe wa vita Zhu Wen alipowahamisha mfalme na wakazi kwenda Luoyang. Waliobaki wakajifungia kwenye eneo lililokuwa la ofisi za serikali tu, katikati ya uwanda wa magofu. Ming walipoanza ukuta wao mwaka 1370 walijenga juu ya hiyo nafasi iliyosinyaa, wakapanua kidogo. Ukuta ule ambao watalii hupanda baiskeli juu yake wakistaajabia ukubwa wa China ni ukuta wa mji uliobaki na kama moja ya saba ya ulivyokuwa.

Basi tazama: Gede, ya hekta 18, na Xi'an, zina historia moja kwa umbo. Zote mbili zina ukuta wa baadaye ulio ndani ya mipaka ya mji wa zamani. Hilo halionekani kwa anayelinganisha vimo.

Simama langoni usiku

Mchana kuta zote hufanana. Uliza lango lilifungwa saa ngapi, nani alikuwa na ufunguo, na nani alilala nje.

Chang'an ilikuwa na mitaa zaidi ya 100, na kila mtaa ulikuwa na ukuta wake na malango yake ndani ya ule ukuta mkubwa. Jua lilipozama ngoma zilipigwa, malango ya mitaa yakafungwa, na aliyekutwa kwenye barabara kuu baada ya hapo alichapwa. Nguvu nyingi za kuta zile zilielekezwa kwa wakazi wenyewe. Enzi za Song utaratibu huo ulilegea, maduka yakafunguka usiku, na mji wa China ukawa kitu kingine kabisa ijapokuwa ukuta wa nje ulibaki vile vile.

Maskati ni kisa ambacho wasomaji wengi wa Kiswahili wanaweza kukisikia kwa wazee wao. Enzi za Sultani Said bin Taimur malango ya mji yalifungwa saa tatu baada ya jua kuzama, na aliyetembea ndani ya mji usiku ilimpasa kubeba taa. Ilidumu hivyo mpaka 1970. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekulia huko, akisimulia habari ile huinua mkono kana kwamba kandili bado anayo. Anasema aliyetembea gizani alihesabiwa mwizi hata kama ni mwana wa mtaa.

Harar ilikuwa na malango matano, kila moja likielekea njia yake na likiwa na mtaa wake. Usiku yalifungwa. Lakini chini ya ukuta kuna matundu yaliyoachwa makusudi ili fisi wapite, waingie kula mabaki na mizoga, watoke kabla hakujakucha. Nampenda sana aliyebuni jambo lile. Binadamu wa nje amefungiwa, fisi ana mlango wake, na mji unafagiliwa bure. Unapoandika kuhusu Harar, usiliweke hili kama kichekesho cha watalii. Liweke kwenye safu ya usafi wa mji, kando ya mifereji na mashimo ya taka ya miji mingine.

Kisha orodhesha walioachwa nje. Carcassonne ya Ufaransa ina kuta mbili zinazofuatana na buruji 52, yaani minara ya ulinzi, na watu huishia hapo. Mwaka 1240 kulitokea jaribio la kuutwaa mji, vitongoji vilivyokuwa chini ya ukuta vikauunga mkono uasi, na mfalme akavibomoa. Watu wake wakaruhusiwa baadaye kujenga ng'ambo ya mto Aude, kwenye mitaa iliyonyooka. Mji wa chini ndio uliokuja kushika biashara. Mpaka wa Ufaransa na Hispania uliposogezwa kusini kwa mkataba wa 1659, ule wa juu ukabaki na kuta zake na umaskini wake.

Gede nayo ina walioachwa, ila wao hawakuacha mawe. Kati ya ukuta wa nje na wa ndani waliishi watu kwenye nyumba za fito na udongo, zilizoezekwa makuti. Nyumba hizo zikioza hazibakishi cha kupiga picha. Nilikuwa pale na kundi la kidato cha tatu, binti mmoja akaniuliza:

"Mzee, mbona huku hakuna kitu?"

"Huku ndiko kulikokuwa na watu wengi, mwanangu," nikamwambia. "Tafuta vigae vya vyungu, usitafute kuta."

Aliviona ndani ya dakika chache. Nikamwambia asiokote, aandike tu alipoviona. Kigae kikihamishwa kinakuwa uchafu wa mfukoni.

Silaha, na kwa nini 1593 ni mwaka wa kukumbuka

Pima umbali kati ya buruji moja na nyingine. Kwenye ukuta wa Xi'an kuna vipande 98 vinavyojitokeza nje, kila kimoja mita 120 kutoka kwa mwenzake. Gawa kwa mbili: mita 60, umbali ambao mshale unafika na bado unaua. Wapiga mishale wa pande mbili wanakutana katikati, na hakuna sehemu ya ukuta isiyolindwa. Ukuta wa Gede hauna buruji za kupangwa namna hiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu anauita "ngome", mwombe akuonyeshe mlinzi angesimama wapi. Ukuta ule ulifaa kuzuia wezi, mifugo na wanyama, kuonyesha wapi mji unaanzia, na kumlazimisha mgeni apite langoni. Jeshi lenye nia lingeuvuka.

Mwaka 1453 mizinga ya Mehmed wa Pili, sultani wa Waturuki, ilivunja kuta za Theodosius, zilizokuwa zimesimama miaka elfu. Tangu hapo wajenzi wa Ulaya wakaacha kuta nyembamba ndefu kwenda juu, wakajenga fupi, nene, zenye pembe za kusukumia risasi kando. Palmanova ni mtoto wa hesabu hiyo, ulianzishwa 1593. Mwaka huo huo wa 1593 Wareno walianza Fort Jesus Mombasa kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ngome si mji, lakini weka alama hiyo kwenye mstari wako wa miaka: fikra ile ile ya pembe na mizinga ilifika Mombasa bila kuchelewa hata siku, wakati Gede, mwendo wa siku chache tu kaskazini, ilikuwa inakaribia kuhamwa na ukuta wake wa mita mbili na nusu hivi.

Vifaa na maji

Kwenye vifaa sikai sana. Watu walijenga kwa kilichokuwa chini ya miguu yao: Gede ni mawe ya matumbawe na chokaa, Bahla ni tofali la udongo lililokaushwa juani, Xi'an ni udongo wa kushindilia uliovishwa matofali ya kuchomwa mwaka 1568. Ndiyo, ukuta mkubwa kule ndani yake ni udongo. Usipime utajiri wa mji kwa vifaa kabla hujajua ardhi yake inatoa nini.

Maji yanastahili safu yake. Weka nukta ya buluu kwa kila kisima, birika au mfereji, kisha uliza kama adui angeweza kuyakata. Dubrovnik ya Kroatia ilileta maji kwa mfereji kutoka kama kilomita 12 nje ya mji, kazi iliyokamilika 1438, kwa hiyo ukuta wote ule wa mawe ulitegemea mfereji ambao haukuwa na ulinzi wake. Gede ilitegemea visima vya ndani, na kushuka kwa maji visimani ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji mwanzoni mwa karne ya 17, pamoja na mashambulizi. Chungulia visima vile ukifika. Utaona jinsi walivyolazimika kufuata maji chini.

Jihadhari na kuta zilizozaliwa juzi

Kabla hujaandika neno juu ya ukuta wowote maarufu, tafuta ulikarabatiwa lini na nani. Carcassonne unayoiona imepita mikononi mwa msanifu majengo Eugène Viollet-le-Duc, aliyeanza kazi mwaka 1853. Vile vilele vyenye ncha vya bamba za mawe meusi vilimletea lawama, kwamba ni paa za kaskazini mwa Ufaransa alizozivisha mji wa kusini. Ukilinganisha paa za Carcassonne na za kwingineko, nusu unalinganisha karne ya 13 na nusu unalinganisha karne ya 19. Bahla iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1988 na kutolewa 2004, na katikati ya miaka hiyo umefanyika ujenzi mwingi.

Kuna na namba za kupendeza mno. Pingyao, mji mwingine wa China ambao ukuta wake ulipanuliwa 1370, husemwa una minara 72 na meno 3,000 ya ukutani, kwa kuwa Confucius alikuwa na wanafunzi hodari 72 kati ya wanafunzi 3,000. Namba kama hizo ziandike, ila kwenye safu ya yale watu waliyotaka ukuta uyaseme. Zina thamani yake pale.

Mwisho wa ukuta nao ni habari. Vienna ilibomoa kuta zake kwa amri ya mfalme Franz Joseph ya mwaka 1857, ikaweka barabara pana ya mviringo mahali pake. Beijing ilibomoa sehemu kubwa ya zake karne ya 20, na treni ya chini ya ardhi ya mstari wa pili inazunguka pale pale ulipokuwa ukuta. Ukifungua ramani ya mji wowote wa kale na ukaona barabara moja inayoupinda mji kama duara bila sababu, ifuate kwa kidole; mara nyingi umeupata ukuta.

Ukienda Gede yenyewe, nenda asubuhi mapema, lipa kiingilio kwa Makumbusho ya Taifa, na mweleze msimamizi kwamba utapima ili asishangae kuona tepu. Tangu 2024 mahali pale ni Urithi wa Dunia, kwa hiyo usipande juu ya ukuta hata kwa picha, chokaa imechoka. Anza na ukuta wa nje wakati miguu bado ina nguvu, uache kasri na msikiti kwa baadaye, kwa sababu wageni wote huanza na kasri na hurudi nyumbani bila kuuona ukuta wa nje.

Kwa anayetaka kuanza leo bila kutoka nyumbani, zoezi langu ni Bahla na Kano. Zote mbili zilizungushia ukuta mashamba, moja kwenye jangwa na nyingine kwenye nyika ya kaskazini mwa Nigeria. Fungua picha ya setilaiti, fuata kila kipande cha ukuta kinachoonekana, paka kijani palipobaki kulimwa na nyekundu palipojengwa, kisha kokotoa asilimia. Bahla itakuchukua muda mfupi. Kano anza nayo mapema, maana vipande vingi vya ukuta vimeingiliwa na nyumba na itabidi uvitafute kimoja kimoja, ukisaidiwa na majina ya malango ambayo bado yanatumika kama majina ya mitaa.